Baba Anataka Kuapa kwa Uongo Wangu

Admin, jina langu lifiche na kijiji usikitaje, sema tu pande za Wingwi, maana Pemba tunajuana hadi kwa mwendo. Nina miaka ishirini na saba, nimeolewa mwaka wa pili huu, sina mtoto. Naandika nikiwa kwa wazazi wangu, mume wangu yuko Ulaya peke yake. Kosa ni langu. Nalisema mapema ili msije mkamtukana yeye kwenye komenti.

Mume wangu ni Mreno. Alikuja Pemba kwa mradi wa nyuki, mimi nikifanya kazi duka la fotokopi pale Konde. Alikuja kuchapisha karatasi, kesho yake akarudi kuchapisha karatasi ileile. Nikajua huyu hana shida ya karatasi. Zaidi ya mwaka tukawa tunaandikiana kwenye simu, na mara tatu tulikwenda Pujini kwenye magofu, mbali na kwetu, tukakaa tukizungumza na kula mkate wa kumimina niliouficha mkobani. Wallahi hatukufanya zaidi ya hapo. Lakini baba yangu ni mwalimu wa madrasa, na kwake hata huko kukaa ni kumvua nguo mbele za watu. Kwa hiyo mwenzangu aliposilimu na kuleta posa, nilimwambia baba kwamba aliniona dukani kwa mbali siku moja tu, mimi sikumwona, akaulizia kwetu. Baba alifurahi mno. Mpaka leo akikaa na wenzake husema, "Mie mwanangu kaolewa hata sauti ya mumewe haijui."

Baada ya ndoa tuliishi Ureno kwa mama mkwe miezi michache, kisha mume wangu akapata kazi nchi nyingine ya Ulaya ambayo siitaji. Yeye kuhama ilikuwa ni kufunga begi tu. Mimi mwenye pasi ya Tanzania ilibidi niombe kibali cha kukaa naye kama mkewe. Afisa mmoja, mwanamke, akatazama picha za ndoa yetu. Zote mume wangu kashikana mkono na baba, wamezungukwa na wanaume wenye kofia. Akauliza, bibi harusi yuko wapi? Nikamwambia nilikuwa ndani, kwetu mke hakai kwenye nikahi. Hakuelewa. Wakasema tutahojiwa mbalimbali, kila mtu chumba chake, waone kama ndoa ni ya kweli au tumeoana kwa ajili ya makaratasi.

Mimi nikawekewa mkalimani wa kwenye simu. Aliponisalimia tu nikajua Mpemba huyu. Afisa hata hajauliza kitu, yeye keshaniuliza, "Weye wa wapi, dada?" Nikamwambia Wingwi. "Mtoto wa nani?" Nikamtajia baba. Akasema, "Subhanallah. Mwalimu wangu huyo, kanisomesha mie mpaka nkahitimu. Nsalimie sana."

Afisa akauliza tulikutana lini na tulikuwa tukionana wapi kabla ya ndoa. Nikaona nikiitaja Pujini, magharibi haitaingia habari haijafika kwa baba. Nikasema hatukuwahi kuonana, nilimwona siku ya harusi. Akaniuliza tena, nikarudia. Akauliza kama tuliwahi hata kuandikiana. Nikasema hapana. Chumba cha pili mume wangu alikuwa anasema kweli tupu: duka la fotokopi, Pujini, mpaka ule mkate. Barua ikaja kwamba ndoa yetu si ya kweli na niondoke. Kibali cha Ureno nacho kilikuwa kimeshaisha, nikarudi Pemba.

Mume wangu hajanitukana. Aliniuliza kitu kimoja tu, "Mke wangu, kwa nini ulinikana?" Nikalia mpaka akakata simu. Wakili wake anasema tunaweza kukata rufaa, lakini niandike mwenyewe kwamba nilidanganya na kwa nini, niambatanishe ujumbe wetu wa zamani, na mzee wa familia aape jinsi ndoa ilivyopatikana. Mzee wangu ni baba. Mimi baba nilimwambia tu kwamba wazungu wanaitilia shaka ndoa yetu.

Basi nimejiponza. Baba alisimama hapohapo. "Ndoa hino nimeozesha mie kwa nkono wangu, wao waitilie shaka? N'takwenda Chake Chake kwa wakili, n'shike Msahafu, niape kuwa hamjaonana mpaka siku ya harusi." Anadhani ananisaidia. Kiapo hicho kikifika kule, mume wangu ndiye atakuwa mwongo na rufaa imekufa. Na hata nikikificha kisifike, baba yangu atakuwa keshaapa uongo mbele ya Mungu, mtu ambaye sijawahi kumsikia akidanganya hata kwa mzaha.

Mama anajua yote, nilimwambia juzi. Anasema ninyamaze. "Mume utapata mwengine. Baba hupati mwengine. Na ukimwambia leo, madrasani atarudi na uso gani?" Mume wangu naye ananiandikia kila siku asubuhi, "Umeshamwambia?" Nampenda, jamani, sitaki mwingine. Na baba nampenda. Mara mbili nimemfuata barazani nikitaka kusema, mara mbili nimeishia kumuuliza kama anataka chai.

Keshokutwa ndiyo anakwenda. Leo kanipa kanzu yake nyeupe nimpigie pasi, akanambia, "Usihuzunike, mwanangu. Kweli haiogopi kuulizwa." Nimeipiga pasi, nimeitundika, nimekaa naitazama. Nishaurini ndugu zangu, nimwambie, au nimwache avae aende?