Boriti ya Nyumba ya Babu

Leo fundi amebomoa ukuta wa jikoni kwangu, na harufu ya udongo mkavu imenirudisha kijijini Rugu, siku tetemeko lilipowafukia babu na bibi ndani ya nyumba yao.

Majirani walikuwa wanalia. Mama aliwanyamazisha, akaigonga kwa jiwe boriti iliyochomoza kwenye kifusi, kisha akaitegea sikio.

“Njoo usikilize.”

Niliweka sikio langu. Ndani ya mti, kwa mbali, mtu alijibu kwa kugonga.

Wanaume walichimba wakiifuata boriti, wakamtoa bibi akiwa hai. Mama alimkumbatia.

“Tulikusikia ukigonga, mama.”

“Mikono yangu ilibanwa,” bibi alisema. “Aliyekuwa anagonga ni baba yako.”

Mama akarudi kwenye boriti, akagonga, akasubiri.