Slasha au mashine ya meno? Tulivyochagua ya kukatia majani shamba letu la mawe, Mollo

Wakuu, habari za humu.

Kuna mdau jana aliuliza afunge mower gani kwenye trekta lake, shamba lina mawe na vichuguu. Nikaanza kumjibu kwa kifupi, nikajikuta naandika gazeti. Bora nifungue uzi. Sitii chumvi, mambo haya niliyaona kwa macho yangu.

Ni miaka ile biashara imeachiwa huru, mitumba ya kila aina inaingia. Mzee wangu, mkulima wa mahindi na ulezi pale Mollo, akajipatia trekta la mkono wa pili. Moshi mwingi, kelele nyingi, ila linavuta.

Jirani yetu alikuwa Mzee Masunga, Msukuma aliyehamia na familia na ng'ombe wengi. Kiangazi malisho yakiisha, ng'ombe wake wanaingia kwenye bustani yetu ya bondeni. Ikafika mahali yeye na baba wanapishana njiani bila salamu. Sisi Wafipa, watu wa kusalimiana kwa kupiga makofi na kuinama, hiyo ni kesi nzito!

Mama ndiye aliyekuja na wazo.

"Majani ya mlimani yanaungua bure kila mwaka. Tuyakate mapema, tuyakaushe, Masunga alishie ng'ombe huko huko kwake. Sisi atupe samadi."

Baba akaguna tu. Kesho yake akaniambia twende mjini.

Pale Milanzi kulikuwa na mfanyabiashara mmoja, Hemedi, mcheshi sana, ana mashine mbili uani. Moja ina mkono mrefu wenye meno, inakata kama ile ya kinyozi. Nyingine ni slasha, boksi la chuma lenye mapanga yanayozunguka chini.

Baba akaipenda ya meno palepale. Mimi pia, inapendeza bwana! Na inalaza majani mazima mazima.

Mama aliposikia akauliza swali moja: "Na vichuguu mtavipeleka wapi?"

Tukamwomba Hemedi alete zote shambani tufanye demo. Akakubali. Mama akatuma mtu amwite Masunga, naye akaja, akasimama mbali na fimbo yake.

Ya meno ikaanza bondeni. Wakuu, raha! Majani yanalala kama mkeka. Baba anacheka peke yake kwenye usukani. Kupanda mlimani tu, kichuguu kimejificha kwenye nyasi, KAA! Mkono umepinda, meno yametapakaa. Hemedi akashika kichwa.

Ikaja slasha. Ile haibagui. Nyasi, vichaka, kichuguu kidogo, inapita tu. Ila jiwe moja likaruka nyuma kama risasi, likapasua chungu cha togwa alichokuwa ametuletea mama. Wote chini! Hemedi na kanzu yake yuko kwenye vumbi, na Masunga kalala ubavuni kwake. Tulicheka mpaka machozi, na Masunga akacheka na baba kwa mara ya kwanza mwaka ule.

Baadaye akaokota majani yaliyokatwa, akayachambua mkononi.

"Yamekatika vipande, lakini ng'ombe watakula," akasema. "Pandisha kidogo hiyo mashine isiparue udongo."

Tukachukua slasha.

Sasa sikilizeni. Kiangazi hichohicho, mchana wa upepo mkali, moto ukatokea ng'ambo ya mlima. Unashuka moja kwa moja kwa Masunga: nyumba za nyasi, zizi, watoto.

Baba akarukia usukani. Akawasha trekta, akaanza kukata njia pana kati ya moto na ule mji wa Masunga, huku na huku. Najua mtaalamu atasema panga likigonga jiwe linatoa cheche. Kweli kabisa, ndiyo maana sisi tulimfuata nyuma na matawi mabichi, tukizima kila kinachofuka. Nilimwona mama anakimbia na kitenge kilicholoweshwa maji. Niliogopa, sifichi.

Moto ulipofika kwenye ile njia ukawa mfupi, mchovu. Tukaupiga mpaka ukafa. Hata ndama hakuungua.

Asubuhi tukasikia makofi nje. Masunga ameinama kabisa, anamsalimia baba Kifipa, kimepinda lakini kinaeleweka. Nyuma yake wanawe wakubwa, majembe na mitaimbo begani.

"Nionyeshe mawe yako yalipo," akamwambia baba.

Wakayang'oa mlima mzima. Ikawachukua kiangazi chote kilichobaki.

Kwa mdau aliyeuliza: tembea shamba lako kwa miguu kwanza, ndipo uende dukani. Pakiwa tambarare na pasafi, chukua ya meno upate majani mazuri. Pakiwa na mawe na vichuguu, slasha, yenye minyororo nyuma ya kuzuia mawe, na mtu yeyote asikae karibu. Omba ijaribiwe kwenye ardhi yako, usikubali ya uani kwa muuzaji.

Wenye mashamba Ilemba na kwingineko, nyie mnakatia nini? Na kama kuna aliyewahi kulazwa chini na jiwe la slasha, karibu atusimulie.