Gauthier na Ukurasa Uliokosekana

Muniache niseme mwenyewe habari za Gauthier, maana huku mutaani kwetu Murara kila mutu ana yake, na nyingi ni uongo mtupu. Mimi ni Micheline, yaya yake, dada yake mukubwa. Mama yetu alikufa Gauthier akiwa bado ananyonya, nikamulea mgongoni huku nauza makala ya kupikia. Mutoto mubishi yule! Ukimutuma chumvi, anauliza kwanza chumvi inatoka wapi.

Akasoma, akawa enjenieri wa majengo. Kazi sasa? Munaijua Goma ya leo: benki zimefungwa, wakubwa wamehama, diploma iko ukutani inakula vumbi. Akajifungia chumbani na kompyuta yake. Ndani yake kulikuwa programu ya kujaribu nyumba kabla haijajengwa. Unaipa amri, weka ukuta hapa, weka uzito huu, nayo inakuonyesha kama itasimama ao itaanguka. Akaiweka akili bandia imuandikie zile amri. Wee, akili hiyo ilikuwa na mudomo! Ikikosa amri inabuni yake, tena bila aibu, kama wale vijana wa Birere wanaokuuzia simu isiyo na betri.

Gauthier akakasirika, akaitengenezea chombo. Kabla ya kuandika amri yoyote, lazima kwanza itafute ndani ya kitabu cha maelekezo cha ile programu, ifungue ukurasa wenyewe, isome. Isipoupata, isimame iseme: "Sikupata. Niendelee ao niache?" Mimi niliiita mutumishi. "Mutumishi wako amekula?" namuuliza, naye anacheka. Nilijivuna sana kwa ajili yake, siwezi kuficha.

Shida ni kwamba kitabu kilikuwa kwenye mtandao, na mtandao wetu munaujua. Alikuwa anavuta kurasa chache chache kuziweka kwenye kompyuta, umeme ukirudi. Akaanza na zile alizoona ni za lazima. Sehemu ya mutikisiko wa ardhi akaiacha iwe ya mwisho. Musishangae. Huku kwetu ardhi inatikisika, sahani zinalia kabatini, nasi tunaendelea kula. Mugeni ndiye anayekimbia.

Basi komite ya avenue yetu, njia yetu hii, ikamuita. Walitaka munara wa mawe ya volkano, tanki kubwa juu, robine ya kuteka chini, maana wamama walichoka kupanda na bidoni za maji kutoka ziwani. "Enjenieri, tuambie tu kama utasimama," akasema Papa Théogène, mwenyekiti. Bibi yake wa ndoa, Mama Sidonie, yule aliyekuwa anamupikia Gauthier mimi nikiwa kuuza makala, ndiye angeshika ufunguo wa robine na kukaa pale chini toka asubuhi hadi jioni. Kwa hiyo sote tulijua neno la Gauthier linabeba nani.

Nilikuwepo siku alipojaribu, nilimupelekea sombe ale. Mutumishi alijenga munara wote kwenye kioo cha kompyuta, akajaza tanki maji, kisha akasimama. Gauthier akasoma kwa sauti: "Sikupata ukurasa wa mutikisiko wa ardhi. Niendelee ao niache?" Nje komite walikuwa wanangojea, mawe yamekwisha kushushwa.

"Hii haijui Goma," akasema huku anacheka. Akaandika: endelea. Kioo kikawa kijani kote, ndiyo kusema utasimama. Tukapiga vigelegele.

Munara ulisimama msimu mzima wa mvua. Hata wamama wa mutaa wa Majengo walikuja kuteka kwetu. Halafu asubuhi moja ardhi ikatikisika, kidogo tu, ile ya kawaida. Mimi sikuinuka kwenye kiti. Nikasikia mawe yanaporomoka. Mama Sidonie alikuwa amekaa chini ya tanki, naye pia hakuinuka. Ee Mungu wangu, tulimutoa kwa mikono.

Kwenye matanga wengine walisema ni volkano, wengine ni shetani. Hakuna aliyetaja jina la Gauthier. Nikamushika mukono, nikamunong'oneza: "Funga kinywa. Watakuua." Akajitoa, akaenda kuchuchumaa mbele ya Papa Théogène.

"Papa, ni mimi. Chombo changu kiliniambia ukurasa wa mutikisiko haupo. Kikaniuliza kiendelee ao kiache."

"Kilikuuliza?"

"Ndiyo, papa."

"Na wewe ukajibu nini?"

"Endelea."

Muzee akatazama kile kiti cha marehemu walichokirudisha nyumbani, mguu mumoja umevunjika. "Basi kile kitu cha ndani ya mashini kilimuhurumia Sidonie kuliko wewe," akasema. "Wewe aliyekuwa anakupikia."

Hakumupiga. Ningefurahi angemupiga. Aliomba tu mutu amuletee maji ya kunywa, na watu wakatazamana, maana maji yenyewe yalipaswa kuletwa tena kutoka ziwani.

Sasa Gauthier amevuta kurasa zote, hata moja haikosekani. Lakini hajaribii mutu nyumba tena. Kuna siku tunakula, ardhi inatikisika kidogo, sisi tunashika sahani zetu tunaendelea. Yeye anaruka, anatoka mbio mpaka pale palipokuwa munara, anapiga kelele: "Mama Sidonie, toka! Toka hapo!" Wapita njia wanasimama kumutazama. Mimi namufuata na sandali mukononi, namushika bega, namurudisha nyumbani akale.