Mkono Wangu Ulibaki Mezani

Marafiki, niwieni radhi kwa kimya cha miezi mingi. Leo nimeaibika mbele ya majirani, na ni afadhali mlisikie jambo hilo kutoka kwangu.

Vijana wa mtaa wetu wa Makindye, hapa Kampala, wanataka kuanzisha timu nyingine ya soka ya kulipwa. Kiwanja wanachokitaka ni changu, kile ambacho watoto wa mtaa huchezea kila jioni. Nikikubali, kitazungushiwa ukuta.

Mkutano wa mtaa kuhusu jambo hilo ulijaa. Karibu kila mtu alivaa jezi, na zote zilikuwa za timu za Uingereza.

Nikasimama, kama nilivyozoea darasani.

"Kampala ina timu tayari. Msimu huu, nani amekwenda uwanjani kutazama hata moja? Anyooshe mkono."

Ikanyooshwa mikono mitatu.

Nilikuwa nimeanza kuwakemea, ndipo Mama Nakku, muuza chapati, aliponiita kwa heshima kutoka nyuma.

"Ssebo Mwalimu, na mkono wako mbona uko mezani?"

Ukumbi mzima ukacheka. Hata mimi sikuwa nimekwenda. Kila Jumamosi huwa nimekaa kwenye kibanda cha video, nikitazama ligi ile ile ya Uingereza. (Mama Nakku hukaanga chapati zake mlangoni pale.)

Mwenyekiti akauliza, "Basi mzee, kiwanja utatuachia?"

Nimeomba wiki moja. Ninyi je, uwanjani mlikwenda lini mara ya mwisho? Jibuni kwa ukweli.

Jumamosi hii nitakwenda mwenyewe, nione kama nitapata jirani wa kukaa naye jukwaani. Nikishakata shauri, mtalisoma hapa kabla ya mwenyekiti kulisikia.