Amplifaya Nzito ya Mzee Abdulkadiri

Mzee Abdulkadiri hakuwahi kununua kilo ya sukari bila kuipima tena nyumbani kwake. Miaka thelathini na moja alikuwa mkaguzi wa mizani, akizunguka masoko ya Dar es Salaam na mkoba wa mawe ya shaba ya kupimia, kazi yake kuwapima wapimaji. Alipostaafu aliurudisha mkoba serikalini, lakini yale macho alibaki nayo. Pale Magomeni alipokuwa akiishi, watu walimwita Bwana Mizani, na muuza maharage akimwona kwa mbali alikuwa anaongeza konzi moja hata kabla hajaombwa.

Mkewe, Bi Sitara, alikwisha kumzoea.

"Baba Nasma," alimwambia siku moja, "wewe hata Izraili akija utamdai kitambulisho."

Zamani, enzi za foleni na vibali, kumshuku mtu ilikuwa kazi rahisi. Bidhaa chache, na mwizi ni yule aliyeshika mizani. Soko lilipofunguliwa mambo yakachafuka. Kila siku Kariakoo makontena yanashushwa, jina la redio linafanana na jina unalolijua ila herufi moja imehama, na kila kitu kimeandikwa kimetoka Ujapani. Abdulkadiri alipita katikati ya maduka yale mikono nyuma, hanunui kitu, anasoma maboksi tu na kuguna.

Kilichomponza ni mpira. Mwaka 2002 Kombe la Dunia lilichezwa huko Korea na Ujapani, mechi zikawa zinaonyeshwa mchana, na ya kwanza kabisa ilikuwa Senegali na Ufaransa. Masikio ya mzee yalikuwa yameanza kupungua, na televisheni yake ilikuwa inakoroma tu. Akashauriwa anunue hom thieta: amplifaya moja, kisanduku cheusi kinachochukua sauti ya televisheni na kuigawa kwenye spika tano. Zilikuwepo za bei nafuu, akaambiwa, kila duka.

Akaenda kwa Tulsidas, Mtaa wa Sikukuu. Tulsidas alikuwa Mhindi wa makamo yake, aliyezaliwa mtaa huo huo, na walikuwa na jambo lao. Mwaka 1984, duka lile likiwa bado la unga na maharage, Abdulkadiri aliikuta mizani yake inapunja gramu arobaini. Tulsidas aliapa kwamba ameinunua mkononi mwa mtu na hakujua. Mkaguzi aliandika kwenye fomu neno moja, "Alijua", na duka likafungwa miezi miwili. Kwa nini basi amwendee yeye? Kwa hesabu yake, mtu uliyewahi kumkamata hawezi kukuibia mara ya pili ukiwa unamtazama usoni.

"Karibu, Bwana Abdulkadiri," Tulsidas alisema, akafunga kitabu chake. "Leo umekuja kukagua nini?"

"Nimekuja kununua."

Bi Ranjanben, mke wa Tulsidas, aliyekuwa kaunta, akamtazama mumewe kisha akatazama pembeni.

Zilikuwepo amplifaya za aina tatu, zote za bei ya chini. Abdulkadiri hakuuliza wati wala hakutaka kuwashiwa. Alizinyanyua moja baada ya nyingine, akiwa amefumba macho. Kitu cha maana kina chuma ndani, alijisemea, na chuma kina uzito. Maandishi yanadanganya, rangi inadanganya, uzito haudanganyi. Hata hivyo hakuiamini mikono yake mwenyewe. Akaibeba ile aliyoichagua mpaka kwa muuza mchele wa jirani, akaiweka kwenye mizani. Kilo nane na robo. Zile nyingine, alipozipima nazo, hazikufika tano.

"Bana, hii redio, si mchele," Tulsidas alisema akicheka.

Kicheko kile Abdulkadiri hakukipenda. Alilipa, lakini njia nzima alikuwa anakirudia kichwani.

Ijumaa ya mechi, baada ya swala, sebule ilijaa majirani. Spika zilitundikwa pembe zote, na mpira ulipoanza watu walijiona wako uwanjani kabisa. Zamzam wa nyumba ya pili alikuja na jagi la juisi ya ukwaju akakosa pa kupita. Mzee akaongeza sauti. Akaongeza tena. Dakika ya thelathini Senegali wakafunga goli, sebule nzima ikaruka, na pale pale sauti ikakatika. Kukabaki picha ya watu weusi wanashangilia kimya kimya, na harufu ya plastiki inayoungua.

"Nani kagusa?" Abdulkadiri aliuliza.

Akakagua sakafu kuzunguka amplifaya.

"Zamzam, ulikuwa umesimama hapa. Umemwaga juisi?"

"Mie, mzee? Jagi lenyewe hili, limejaa!"

Alianza kumuuliza kila mtu mahali alipokaa, kama alivyokuwa akiwauliza wauza duka. Mmoja akakumbuka ana shughuli. Wa pili akasema anamfuata. Kipindi cha pili kilipoanza sebuleni walikuwa wamebaki yeye na mkewe tu, na kelele za shangwe zilisikika kutoka nyumba ya pili, walikohamia wote.

"Umefurahi?" Bi Sitara aliuliza, akakusanya bilauri. Zamzam hakupita tena kwao kwa wiki mbili.

Jumatatu Abdulkadiri aliipeleka amplifaya Msimbazi, kwa fundi anayeitwa Severa. Severa alifanya kazi miaka kumi kwenye kiwanda cha redio cha Arusha, kilipofungwa akaja mjini na bisibisi zake, akaweka meza chini ya ngazi za jengo moja. Watu walimsifu, na hilo nalo likamtia mzee wasiwasi: fundi anayesifiwa sana ana kitu anachokificha.

"Shikamoo, mzee. Iache, uje kesho jioni."

"Marahaba. Siiachi. Nyie mafundi mnatoa vya watu mnatia vya zamani. Fungua nikiona."

Severa hakukasirika. Alimsogezea kigoda, akaanza kufungua skrubu. Kifuniko kilipotoka, wote wawili wakainama. Upande mmoja kulikuwa na transfoma ndogo, imeungua nyaya. Upande wa pili kulikuwa na kitu cha mraba, kimefungwa karatasi nyeusi na kubanwa kwa gundi. Severa alikibandua kwa bisibisi, akachana karatasi. Ndani kulikuwa na saruji. Tofali zima la saruji, limelainishwa kingo.

"Hii inafanya kazi gani humu?" mzee aliuliza.

"Inafanya uzito."

Abdulkadiri alilichukua lile tofali, akalipima mkononi. Kilo tatu na nusu, au zaidi kidogo. Alitamani amshuku Severa, lakini alikuwa amemtazama vidole tangu skrubu ya kwanza. Shingo ikamwasha kwa aibu.

"Ziko nyingi hizi," Severa alisema taratibu. "Watu wakinunua wananyanyua. Waliozitengeneza wanajua kwamba tunanyanyua. Transfoma yenyewe hii ni ya redio ya mezani, ukifungua sauti kubwa inaungua. Ninayo ya zamani, nzuri. Nikutilie?"

"Tia," alisema, na kwa mara ya kwanza maishani akaondoka kabla fundi hajamaliza. Tofali alilifunga kwenye gazeti.

Duka la Tulsidas lilikuwa na wateja wawili. Aliliweka tofali juu ya kaunta, gazeti likafunguka lenyewe.

"Miaka kumi na minane umeningoja," alisema. "Umelipiza."

Tulsidas aliligeuza lile tofali mara moja. Aliingia ndani, akatoka na boksi jingine lenye utepe wa kiwandani, akalikata mbele yake. Bi Ranjanben alileta bisibisi. Tofali. Boksi la pili: tofali. La tatu lilipofunguliwa, uso wa Tulsidas ulikuwa umeloa jasho.

"Zimebaki tisa," alisema. "Unajua nilizichagua vipi kule kwa muuza jumla? Nilinyanyua. Nikasema, hii nzito, hii nzuri." Akaisukuma bisibisi pembeni. "Na ile mizani pia sikujua. Nilikuambia. Wewe hukutaka kusikia."

Abdulkadiri alifungua mdomo aseme neno alilolizoea, kwamba hakuna mfanyabiashara asiyeijua mali yake. Halikutoka. Mbele yake lilikuwa lile tofali, na yeye mwenyewe, mkaguzi, alikuwa amelibeba mpaka kwenye mizani ya mchele na kulifurahia. Lakini je, mtu hawezi kutoka jasho la uongo? Alimtazama Tulsidas, akamtazama Bi Ranjanben. Tulsidas alitaka kumrudishia pesa. Akazikataa, bila kujua kama anasamehe au anaogopa kudanganywa tena. Aliondoka bila kuaga.

Amplifaya aliyoitengeneza Severa ilifanya kazi vizuri. Fainali waliitazama watu wengi, na Zamzam alikuja, kwa sababu mzee alikwenda mwenyewe mlangoni kwake kumwomba radhi. Aliomba vibaya, kwa maneno machache, lakini aliomba.

Mwezi wa nane alipita tena Mtaa wa Sikukuu. Mteja mmoja, mkulima wa mpunga kutoka Ifakara, alikuwa anazinyanyua amplifaya za Tulsidas. Abdulkadiri aliingia, akanyanyua moja. Nzito.

"Nilitoa matofali yote," Tulsidas alisema kwa sauti ya chini, macho sakafuni. "Zikakaa wiki sita. Wananyanyua, wanasema tupu hizi, feki. Nikayarudisha."

Abdulkadiri akamgeukia mkulima. "Ndugu yangu, usiinunue hiyo. Ndani ina saruji."

Yule bwana alimtazama kuanzia kofia mpaka kandambili, kisha akatabasamu kama mtu aliyeonywa mapema kuhusu mji.

"Mzee, wewe dalali wa duka gani? Nyumbani waliniambia mtakuja." Akaikumbatia amplifaya yake vizuri zaidi. "Mimi nimeipima kwa mikono yangu mwenyewe."

Alilipa. Abdulkadiri alimfuata mpaka nje, akamwambia kwamba ikiungua yuko fundi Msimbazi chini ya ngazi, anaitwa Severa, ni mtu wa kuaminika. Yule bwana aliongeza mwendo bila kugeuka, boksi begani, akipenya katikati ya mikokoteni, bega moja limeinama kwa uzito.