Nilipoandika Kwamba Ushirika Wetu Ni "Defunct"

Mwanangu, naikumbuka vizuri asubuhi ile mpimaji ardhi alipofika Dundori na kamba yake, akaanza kupima ploti ya ushirika wetu wa maziwa. Ilikuwa ipewe kikundi kingine. Mimi, katibu, nilisimama kando nikiangalia, na sababu ilikuwa neno moja la Kiingereza nililoliandika kwa mkono wangu.

Nilikuwa nimetoka shule juzijuzi, na Kiingereza kilikuwa kinaniwasha. Mtambo wa kupozea maziwa ulikuwa umeharibika, wanachama wakawa wanawauzia mabroka, wale madalali wa maziwa, barabarani. Ofisi ya ushirika ya Nakuru ikatuandikia kuuliza hali ya chama. Kuuliza si ujinga, lakini mimi sikumuuliza mtu. Nikajibu kwamba ushirika ni "defunct", nikagonga muhuri, nikajiona msomi.

Mwenyekiti wetu, Mama Nyokabi, alinivuta hadi mbele ya yule mpimaji.

"Boss, hebu tuambie, hii neno ameandika ni kusema nini?"

"Ni kusema chama imekufa, mathe. Imeisha kabisa. Kama imesimama tu kwa muda, angeandika dormant."

Mama akanigeukia. "Sisi tulikufa lini, na hukutuita matanga?"

Aibu niliyoiona siku hiyo ninayo hadi leo.

Hakunifukuza. Alinituma nyumba kwa nyumba, niseme kwa mdomo wangu nilichoandika, kisha niwaombe watu waje kesho yake na maziwa. Wengine walinitukana, na walikuwa na haki. Lakini walikuja. Afisa wa ushirika, aliyeitwa na Mama, akapanda kutoka mjini, akasoma rejista mbele ya ule mtambo mbovu, na kila nambari ikaitika, "Niko!" Nambari kumi na saba ilikuwa ya mzee tuliyemzika mwaka uliotangulia. Mjane wake ndiye aliyeitika, mkebe mkononi. Nililia. Nikaandika barua nyingine palepale, na ploti ikabaki yetu.

Basi, mwanangu, siku hizi nawasikia mkiita "defunct" kila shule, kila kikundi, kila ofisi yenye kufuli mlangoni. Neno hilo ni la kilichokwisha, kisicho na mtu tena. Kufuli si ushahidi. Kabla hujaliandika, nenda ukapige hodi, uwaite watu kwa majina, usikilize. Maji yakimwagika hayazoleki; mimi nilibahatika tu.

Mungu akupe mkono mzito wa kuandika na miguu myepesi ya kwenda kuuliza, na siku utakapoita, asikosekane mtu wa kukuitikia.