Saini ya Ofisa Mkimbizi

Shaka lililoninyima usingizi lilikuwa moja: ni nani sasa angeruhusu mapipa yetu yavuke mto wa mpakani? Yalikuwa na dawa ya kuulia wadudu wa kahawa iliyokwisha muda, nayo yalivuja karibu na chemchemi ya kijiji chetu cha Bugarama. Sheria ndogo ya halmashauri, niliyopewa kuirekebisha, ilitaka ofisa wa nchi ya ng'ambo atie saini kwanza, kukubali taka zipokewe kwao. Lakini serikali ya huko ilikuwa imeanguka, na ofisa mwenyewe alikuwa mkimbizi kambini kwetu, Ngara.

"Si yupo hapa hapa, msomi?" mkuu wangu alicheka. "Mpelekee asaini."

Nilimkuta ofisa huyo nje ya hema lake.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kwa ajili ya saini ya mapipa."

"Marahaba. Lete kalamu, mwanangu. Kwani nani kaniachisha kazi?" Akaingia ndani kuvaa koti.

Nikawaza: akisaini, sumu itamwagwa kwa watu asiowatawala tena; asiposaini, watu wa Bugarama wataendelea kuinywa. Alipotoka, nilimuaga bila kumpa karatasi. Kesho yake niliandika katika rasimu ya sheria ile kwamba hakuna taka itakayovuka mto, kisha nikapanda lori na vibarua, tukayahamishia mapipa kwenye ghala la halmashauri, mbali na maji.